Lete Mama

Jumapili, 17 Mei 1964

Nimeanza daftari jipya. Lile la zamani limepotea majini. Ziwa lilipanda mpaka chumba cha kulala, likalichukua chini ya kitanda pamoja na viatu vya Dishon vya kanisani. Viatu mume wangu alivililia. Daftari hata hakuliulizia.

Naandika Kiswahili kama siku zote. Kijaluo kila mtu nyumbani hapa anakisoma, hata mashemeji wenye macho marefu. Kiswahili wanakisema sokoni tu, kukisoma hawawezi. Leonida peke yake ndiye angeweza, naye ana kazi gani ya kuchungulia mambo ya mama yake? Ana watoto wa nchi tatu wa kuangalia!

Basi niandike: leo kanisani binti yangu alisimama mbele. Gauni la bluu, kola nyeupe. Bwana Hendrik anasema Kiingereza, Leonida anasema Kijaluo. Akiwageukia maaskari na makarani, Kiswahili. Hakukwama hata mara moja. Mzungu akikohoa alimngoja amalize, kisha akaendelea. Mimi nimekaa benchi la mbele, shingo juu kama korongo. Mke wa katekista akanigusa: "Min Leonida, mama Leonida, funga mdomo, nzi wataingia." Wivu! Wa kwake aliishia darasa la tatu. Mimi mwenyewe nilifika la nne.

Alichosema Bwana Hendrik: shirika lao, Watoto wa Ziwa, limetoka Uholanzi, nchi ambayo nayo ilipigwa na maji miaka iliyopita. Walivyosikia maji yamepanda kwetu, wakaja. Wana nyumba Homa Bay, Musoma na Jinja. Wanaokota watoto waliopotelewa na watu wao, na vijana wanaolala kwenye baraza za maduka. Hapa Homa Bay ni pa kuoshwa na kulishwa. Asiye na mtu kabisa atapelekwa Musoma kwa meli, kwenye shule yenye vitanda vya chuma.

"Asiye na mtu kabisa." Zamani kwetu hakukuwa na mtoto wa namna hiyo. Baba akifa, yuko baba mdogo. Lakini ziwa limemeza maboma mazimamazima, ndugu wametawanyika kama mtama uliomwagika. Sasa sijui.

Jumanne, 19 Mei

Lori la Shirika limerudi kutoka Migori na Karungu. Leonida alisema jana wanahitaji mikono ya kukoroga uji. Mikono ninayo! Nikaenda na mwiko wangu mwenyewe.

Wamewaweka katika ghala la pamba la zamani, lile la juu mlimani, maji hayafiki. Wakashuka mmoja mmoja. Wavulana wakubwa wa Migori wamevaa magunia, wanatembea kama wazee wa baraza. Wanakunywa uji bila kukaa — anayekaa huibiwa. Nikawaambia, kaeni, wanangu, hapa uji haukimbii. Walinitazama kama nimesema uongo mkubwa.

Nyuma yao binti mdogo sana. Labda miaka mitano. Kikombe cha bati mkononi, hakiachi hata akioshwa. Jina lake alilisema: Nyaboke. Mkisii, basi. Wavulana walisema walimkuta analia nyuma ya kinu cha unga pale Migori, wakawa wanalala naye katikati yao apate joto. Zaidi hawajui.

Leonida alipiga magoti mbele yake (gauni lile zuri, juu ya vumbi!) akamuuliza taratibu kwa Kiswahili: Mama yuko wapi? Kimya. Mama, mama yako? Kimya, anatazama kikombe. Akamuuliza: Baba yuko wapi? Uwi! Mtoto alipasuka. Baba! Baba! — machozi, makamasi, mpaka uji ukamtoka puani. Kisha akasema "tata" na kutikisa kichwa.

Leonida akainuka. Aliniambia: anayemlilia ni baba. Mama hamjui hata kwa neno, bila shaka alikufa mapema. Na "tata"? Nikauliza. Leonida alisema hayo ni maneno ya kitoto tu, ulimi bado mzito.

Binti yangu anajua Kijaluo, Kiswahili, Kiingereza na Kiganda. Kikisii hakumo, lakini nani anakihitaji Homa Bay?

Ijumaa, 22 Mei

Nyaboke amenishika. Nikikoroga, ameshika leso. Nikienda kisimani, ameshika leso. Leo nilimsuka nywele, akalala magotini kwangu na kikombe chake. Mzito kuliko anavyoonekana. Kama Leonida alivyokuwa.

Mchana kituko. Mwanamke mwenye kitambaa cha kijani kichwani anapita barabarani na mtungi. Mtoto huyo mbio mpaka kwenye waya: "Baba! Baba!" Mwanamke akageuka, akashangaa, akaenda zake. Tulicheka! Javan, mlinzi wa geti, alicheka mpaka akashika ubavu: "Huyu kichwa chake kimeingiwa na maji ya ziwa. Mwanamke ni baba!"

Leonida alitukataza. Alisema mtoto mwenye huzuni huchanganya watu, na hali hiyo ina jina lake kwa Kiingereza. Kila kitu kina jina kwa Kiingereza.

Nyaboke alikaa pale kwenye waya mpaka chakula cha jioni.

Jumatano, 27 Mei

Lazima niandike hili kabla sijalisahau, maana bado mbavu zinaniuma.

Asubuhi amekuja mwanamke getini. Amekonda, nywele zimekatwa kama za mtu aliyetoka hospitali, miguu vumbi mpaka magotini. Kiswahili chake — yaye! — vipande vipande. Anasema anamtaka Nyaboke. Javan akamuuliza: wewe ni nani wake? Naye, bila haya, amejigonga kifua: "Mimi baba yake."

Javan akadhani hakusikia vizuri. Nani? "Baba. Mimi baba yake!"

Basi Javan aliita watu wote. Wavulana wa Migori wakaja, wapishi tukaja. Mwanamke anarudia tu, sauti inapanda: mimi baba, mimi baba. Mvulana mmoja akamuuliza ndevu amezisahau wapi. Leonida akatoka ofisini. Alimsikiliza kidogo, nikaona midomo yake inajikaza — anabana kicheko, ni mtu wa heshima. Akasema kwa upole: Mama, nenda ukapumzike. Halafu akamwambia Javan asimfungulie, maana kuna watu wanazunguka kutafuta watoto wa kuwafanya watumishi, na wengine kichwa hakiko sawa.

Nyaboke alikuwa kisimani na wenzake. Hakumwona. Heri hakumwona, angetishika.

Alhamisi, 28 Mei

Amerudi tena yule "baba". Sikuwepo. Javan alinisimulia: alikaa chini ya ukuta tangu alfajiri, hali, hanywi. Javan akachoka, akamwambia kwa mzaha: "Haya, wewe baba, tumekusikia. Sasa lete mama!"

Anasema mwanamke alimtazama sana. "Lete mama?" Ndiyo, lete mama, mtoto ana wazazi wawili au siyo? Basi akainuka papo hapo, akajifunga leso vizuri, akashika njia ya Oyugis. Karibu anakimbia.

"Nimemmaliza kwa akili," Javan alisema. Tumecheka.

Jumapili, 31 Mei

Siku kubwa ya maisha yangu. Naandika polepole niifurahie.

Bwana Hendrik amekula kwangu! Kuku, samaki aina ya ngege, ugali wa mtama. Alikula kwa mkono. Dishon alivaa koti ingawa viatu hana, akaficha miguu chini ya meza muda wote.

Baada ya chakula Mzungu akasema jambo, na Leonida akanyamaza. Hakutafsiri! Nikamwambia, we mtoto, sema, hata kama ni matusi. Akasema huku anatazama kitambaa cha meza: Jumamosi atawapeleka watoto Musoma kwa meli, na akishawafikisha salama, Shirika litampeleka Uholanzi asome mwaka mzima. Kwa sababu ya lugha zake. Bwana Hendrik anasema hajapata mtu wa kusikia watu kama Leonida.

Nilipiga kigelegele mpaka kuku wakaruka. Dishon akasimama, akaonyesha miguu bila kujua.

Ili kumfurahisha mgeni nikamwambia Leonida amsimulie habari ya yule mwanamke-baba. Alisita kidogo, kisha akasimulia. Anajua kusimulia, kachukua kwangu. Mzungu alicheka mpaka akavua miwani kufuta macho.

Nimeshawaambia wanawake wa kanisani wote, na mafundi cherehani, na yule Mhindi wa duka la nguo. Uholanzi! Min Leonida sasa ni mama wa Ulaya. Mke wa katekista alisema kuna baridi huko. Nikamwambia baridi ni ya watu wenye makoti.

Jumanne, 2 Juni

Niandike kwa mpango.

Nilikwenda Oyugis kununua ndizi za karamu ya kumuaga Leonida. Migomba yetu yote imekufa maji. Ndizi nzuri huletwa na Wakisii kutoka milimani. Nikakuta mwanamke mmoja ana mikungu mizuri, anaitwa Nyamoita, Kiswahili chake kizuri, mcheshi. Tukaanza kuvutana bei. Nikamwambia usinibane, hizi ni za binti yangu anayekwenda Ulaya. Akasema hongera mama. Nikamsimulia mambo yote, na kwa kuwa alikuwa anacheka vizuri nikafikia kituko cha mwanamke wa getini. "Mimi baba yake!" — nikajigonga kifua kama yeye, nikabana sauti.

Nyamoita hakucheka.

Nikadhani hakuelewa. Nilikuwa nataka kurudia. Hapo nyuma ya mikungu kitoto chake kiliamka, kikaanza kulia. Kinalia nini? "Baba! Baba!" Hapakuwa na mwanamume pale. Nyamoita akageuka, akakibeba, akakitia titi mdomoni. Kikanyamaza.

Nilisimama pale na ndizi mkononi.

Nikamuuliza: mtoto anaita nani? "Ananiita mimi." Anasema baba! "Ndiyo, baba. Kwetu mzazi wa kike ni baba. Wa kiume ni tata." Alinieleza kama mtu anayeeleza kwamba maji yanalowesha.

Tata. Nyaboke alisema tata, akatikisa kichwa. Tata hayupo. Baba yupo!

Nikasema lakini yule mwanamke, Leonida alimwita mama kwa heshima, mbona hakusema ndiyo, mimi ni mama? Nyamoita akanicheka sasa, lakini si kicheko kizuri. "Mama ni nani? Hapa sokoni kila mtu ananiita mama. Mama nunua, mama ondoa mzigo, mama pisha baiskeli. Hata tasa anaitwa mama. Mtu asiyejua Kiswahili atajuaje? Atadhani ni neno la kumwitia mwanamke yeyote, zaidi mzee."

Kisha akasema kuhusu yule wa getini. Anamjua. Anaitwa Nyasuguta, mjane. Alikuwa akiuza vyungu Migori, akashikwa na homa, watu wakamkimbiza hospitali ya misheni hajitambui. Alipopona mtoto hayupo, ameambiwa lori la Wazungu lilimchukua. Alilala hapahapa Oyugis kwa wenzake Alhamisi iliyopita. Aliwaambia: nimempata mtoto, wako tayari kunipa, ila wamesema nilete mama. Wakamuuliza mama gani? Akasema nafikiri wanataka mzee wa kunishuhudia. Ninakwenda kumleta mama mkwe.

Mama mkwe mguu wake mbovu. Yuko juu milimani. Mwendo wake ni wa kinyonga.

Sasa yuko njiani mahali fulani, anamvuta kikongwe, kwa sababu Javan alitania na sisi tukacheka.

Ndizi nilizisahau. Nyamoita alinikimbilia nazo mpaka barabarani.

Miaka yote nimekula ndizi zao, nimepikia vyungu vyao. Sijawahi kuuliza wanamwitaje aliyewazaa.

Jumatano, 3 Juni

Kabla ya kumwambia Leonida nilitaka kuhakikisha. Sikutaka kumchafulia mwanangu jina kwa maneno ya sokoni.

Nikamkalisha Nyaboke peke yetu, nyuma ya jiko. Nikamwambia kwa sauti ndogo: tata? Akatikisa kichwa, akaonyesha chini, ardhini. Nikamwambia: baba? Akanyoosha mkono, akauweka kifuani kwangu, kwenye titi. Halafu akanionyesha kikombe chake, akafanya kama mtu anayekunywa, kama mtu anayemnywesha mwingine. Baba.

Nilikwenda ofisini na majivu usoni. Leonida anapanga mablanketi ya safari. Nikafunga mlango, nikamweleza. Hakunikatiza. Nilivyomaliza aliendelea kukunja blanketi lilelile, analikunja, analikunjua.

"Mama, umemwambia nani mwingine?"

Hakuna.

"Na kile kituko, ulimwambia nani?"

Kila mtu. Nilisema ukweli.

Akakaa. Akasema: na kama si yeye? Tutajuaje ni mama yake? Wako watu kweli wanaochukua watoto, tumewakuta Karungu. Nimtoe mtoto kwa neno moja?

Nikamwambia: neno moja hilohilo ndilo ulilomfukuzia.

Sijawahi kumwambia mwanangu neno kama hilo. Aligeuka dirishani. Nikaona mabega yake tu. Akasema Bwana Hendrik anamsifu kwa kitu kimoja tu, kusikia watu. Akasema: kama nitamwambia kwamba niliyemcheka getini alikuwa mama mtu, nitamwambia nini tena baada ya hapo? Na wewe, mama, utasema nini kanisani?

Nilijibu nitasema nimekosa. Lakini niliona kanisa zima mbele yangu, na mke wa katekista.

Alhamisi, 4 Juni

Dishon amesikia yote. Yeye ni fundi wa mitumbwi, maneno yake machache. Aliuliza: mtoto akifika Musoma, yule mwanamke atamfikiaje? Nikasema hatamfikia. Akasema: basi. Akatoa baiskeli ya kaka yake, akaishika njia ya Oyugis, bila viatu. Nyamoita atamwelekeza.

Leonida hakuja kula. Karamu nimeivunja. Nimesema ndizi ni mbichi.

Ijumaa, 5 Juni

Dishon hajarudi. Mvua milimani, naona wingu tangu asubuhi.

Leonida amempigia goti Nyaboke leo. Alimuuliza kitu, sikusikia. Nilisikia jibu tu. Baba.

Alitoka pale akapita karibu nami kama mtu asiyeona njia. Hajamwambia Mzungu. Nilimuuliza. "Kesho," alisema. Kesho ndiyo meli!

Jumamosi, 6 Juni

Naandikia gatini, kwenye nguzo ya kufungia kamba. Mwanzo wa gati umezama, wameweka mbao juu ya maji, watu wanavuka kama mbuzi. Meli iko hapa. Wanapakia marobota ya pamba.

Nyaboke amelala magotini kwangu. Wenzake wameshapanda. Wavulana wa Migori wako juu ya reli ya meli, wanapunga mikono kwa watu wasiowajua. Walipompita mtoto kila mmoja alimgusa kichwa. Yule mkubwa aliyeuliza habari za ndevu sasa anajua — nilimwambia njiani. Alivua gunia lake la begani akamfunika nalo.

Asubuhi nilimvisha Nyaboke gauni la Shirika, nikamshika mkono mpaka hapa, nikakaa. Nilijiambia: wakimtaka wataninyanyua na mimi, na mimi si mwepesi.

Karani wa meli alikuja: mama, mtoto apande. Nikasema hapandi. Akarudi na Leonida. Leonida alinitazama tu. Akarudi na Bwana Hendrik, miwani imejaa matone. Mzungu akainama, akauliza kwa Kiswahili chake cha kuvunja mawe:

"Wewe nani kwa mtoto hii?"

Nikamwambia Leonida: mwambie mimi ni baba yake.

"Mama!"

Mwambie hivyohivyo. Mpaka baba yake afike, mimi ndiye baba.

Watu walianza kucheka. Javan alikuwepo amebeba mizigo. Alicheka wa kwanza, halafu akaniangalia uso, akaacha. Leonida alisimama katikati yetu. Upepo unapiga kola yake. Nilifikiri atasema mama amechoka, mama ana homa. Angeweza. Nani angejua? Lugha zote ziko kwake.

Alianza kusema. Kiingereza kirefu. Kiingereza changu mimi ni cha dukani, sukari na sabuni; sikufuata. Nilisikia "maza" mara nyingi. Nikasikia "ai", na kila alipoisema alijigusa kifua, palepale Nyaboke alipogusa changu. Hakulia. Sauti yake haikukwama. Mahali pamoja tu alisimama, akangoja, kama alivyongoja siku ile Mzungu akikohoa — lakini leo aliyengojwa alikuwa yeye mwenyewe. Kisha akamaliza.

Nimesikia binti yangu akitafsiri mbele ya kanisa zima, mbele ya D.C., mbele ya machifu. Vizuri kama leo hajapata kutafsiri. Hili nitalisema popote, hata wakinicheka.

Bwana Hendrik hakucheka. Alivua miwani, akaishika. Akauliza swali fupi. Leonida akaonyesha barabara ya Oyugis. Mzungu alitazama barabara, akatazama meli, akatazama mtoto. Amekwenda kwa kapteni. Karani anasema kapteni hangoji mtu. Marobota yakiisha, kamba zinafunguliwa, na nyumba ya Shirika ya hapa inafungwa leo. Sijui Mzungu ataamuaje. Mgongo wake haukunionyesha kitu.

Leonida amekaa karibu nami, juu ya mbao zilizolowa, na gauni la bluu. Uholanzi hajaitaja. Nami sijaitaja. Ameshika mguu mmoja wa Nyaboke, ule uliotoka kwenye gunia.

Meli imelia mara ya kwanza. Mtoto ameshtuka, amekaza kikombe, amelala tena.

Kule juu, barabara inapokata kilima, naona watu wanashuka. Mmoja anasukuma baiskeli. Mwanamke anatembea kando yake, ameshikilia kitu nyuma ya baiskeli kisianguke. Ni mzigo, au ni mtu aliyekalishwa. Leo ni siku ya soko. Nusu ya Oyugis inasukuma baiskeli yenye mizigo. Macho yangu si ya zamani.

"Mama, wewe unaona nini?" Leonida ananiuliza.

Nimemwambia aendelee kutazama. Marobota yamebaki machache, na wao wanakuja polepole, polepole mno —